Mkono wa Kushoto wa Alvester

Mama Ozella Gaines alikuwa ameahidi kutoa jibu baada ya chakula, na chakula kilikuwa kimekwisha.

Kwenye sinia za kuku ilibaki mifupa. Kunde zilishafutwa kwa mkate wa mahindi hadi mabakuli yakang'aa, na pai za viazi vitamu za akina mama wa kwaya zilikuwa zimeacha makombo tu juu ya vitambaa vyeupe. Idella alikuwa meza ya mbele katika bwalo la chuo cha Zion Ridge, mama yake kushoto, Theotis Mabry kulia. Mkono wake mmoja ulikuwa umefichwa chini ya kitambaa cha meza, ndani ya kiganja cha Theotis. Kila alipomwibia mama yake jicho, alimkuta akikoroga kahawa ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Theotis alikuwa amewasili kutoka kaskazini wiki iliyopita, ndani ya suti ya kijivu, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kuketi barazani kwa Mama Ozella, kofia magotini, kumwomba binti yake. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliichunguza ile kofia kana kwamba ndiyo iliyokuja kuposa, akamwambia asubiri hadi karamu hii ya Jumapili ya Mwanzilishi wa chuo, watu wakishakula. Theotis alipoondoka, ndipo alipomfungulia Idella moyo wake. Alisema alijaliwa watoto wawili tu. Mmoja yuko nyuma ya kanisa, chini ya jiwe. Huyu wa pili sasa anatakiwa apelekwe kwenye theluji, mahali ambapo hata mama akiita kwa pumzi yake yote hatasikika.

Yule wa nyuma ya kanisa alikuwa Alvester, kaka yake Idella. Gari alilopanda liliteleza darajani siku ya mvua, Krismasi ikikaribia, na msimu wa pili wa baridi ulikuwa umeshapita tangu wamzike. Yeye na Theotis walikuwa kama pacha. Walilala chumba kimoja chuoni na wote wawili walikuwa wabeba mpira wa timu ya Zion Ridge, mpira ule wa helmeti na wa kuangushana, ambao kwa watu wa sehemu zile za Mississippi Jumamosi bila huo ni siku ya kazi tu. Theotis ndiye aliyeanza kila mechi. Alvester alikaa benchi akisubiri zamu yake, akichekesha wenzake.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo mno. Klabu kubwa hazikuwahi kumtuma mtu wa kuja kuangalia vijana wake. Kisha mwaka ule klabu moja ya kaskazini ikaomba itumiwe mkanda wa sinema wa mechi yoyote, na miezi michache baada ya mazishi simu ikalia ofisini kwa mkuu wa chuo: wanamtaka namba ishirini na mbili. Theotis akaenda. Wengi walidhani atarudi kabla nywele alizonyoa hazijamwota tena, lakini alikaa. Misimu miwili sasa alikuwa akilipwa kwa kucheza, na kwenye kioo cha kinyozi picha zake za magazetini zilijaa hadi mteja hakupata pa kujitazama.

Nyumbani kwa akina Gaines picha ilikuwa moja. Alvester siku ya kumaliza sekondari, shingo imenyooshwa na kola ya kuazima, midomo imefumbwa. Mama Ozella aliipangusa kila asubuhi na kila asubuhi aliilalamikia. Alisema si yeye huyo. Mwanangu hakuwahi kutulia namna hii hata usingizini.

Kocha Lattimore alisimama, akagonga glasi kwa kijiko. Alikuwa mgeni chuoni, mwaka wake wa kwanza. Kocha wa zamani alishahamia Texas. Akasema ana zawadi kwa ajili ya mtoto wa nyumbani. Klabu imerudisha ule mkanda, ule ule uliowafanya wamchague Theotis Mabry, na leo Zion Ridge itaona kile walichokiona wao.

Watu wakapiga makofi. Idella akasikia kiganja cha Theotis kikipoa ndani ya mkono wake, kisha kikalowa.

"Kocha, si lazima," Theotis alisema. "Watu wamechoka, wacha wapumzike."

"Sikieni hiyo," alijibu mzee mmoja kutoka meza ya nyuma. "Anaona haya kama bibi harusi."

Bwalo likacheka. Idella naye akacheka, akamminya vidole mpenzi wake. Alimpenda zaidi kwa aibu ile. Alimpenda tangu siku alizokuwa akija kwao na Alvester kula, akijifanya hasikii njaa, akimaliza sahani tatu.

Wanaume wakaondoa vitambaa vya meza na kuvitundika madirishani kwa misumari, jua la alasiri likazuiwa nje. Shemasi Hosea Bynum, yule kinyozi, akavuta kiti kando ya mashine ya sinema na kushika kipaza sauti. Mikanda ile haikuwa na sauti, na desturi ya Zion Ridge ilikuwa kwamba Shemasi, aliyetangaza mechi zote za nyumbani, huketi gizani na kuitangaza sinema kana kwamba mchezo unachezwa muda huohuo. Mechi za ugenini hakuwahi kwenda hata moja, maana tumbo lake halikuvumilia safari. Hizo alizitangaza kwa kufuata namba zilizo mgongoni mwa wachezaji na majina yaliyo kwenye karatasi.

Hii ilikuwa ya ugenini, Arkansas, kipindi cha pili. Mvua ilikuwa ikinyesha ukutani. Uwanja ulikuwa tope tupu, na ndani ya helmeti zile hakukuonekana sura ya mtu.

"Mpira kwa namba ishirini na mbili," Shemasi alianza, sauti yake ikipanda polepole kama ilivyozoea. "Theotis Mabry. Anapita kushoto, wanamshika, hawamshiki. Jamani, mwacheni mtoto wa watu apite."

Meza zikagongwa. Idella alijisikia fahari ikimpanda kifuani. Hakuwa ameiona mechi ile. Hakuna aliyekuwa na nauli ya Arkansas. Alimwona namba ishirini na mbili akiangushwa na watu watatu, akafunikwa, nao wakaondoka mmoja mmoja juu yake. Kabla ya kuinuka, yule kijana akaipiga ardhi kwa kiganja, polepole, mara mbili, kama mtu anavyompapasa nyumbu aliyelima vizuri.

Tabasamu la Idella likabaki usoni bila mwenyewe.

Alijiambia kwamba wachezaji wengi hufanya hivyo. Lakini hakuwahi kumwona mwingine akifanya hivyo. Mpira ukatolewa tena, Shemasi akamtaja tena Theotis Mabry, na yule kijana akakimbia akija moja kwa moja upande wa kamera, mpira mkono wa kulia, kidevu juu. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Ulikaa umepinda nje ya mbavu, kama mshikio wa birika.

Akiwa na umri wa miaka tisa, Alvester alianguka kutoka kwenye mti wa pekani. Daktari alikuwa mbali, na Mama Ozella aliufunga ule mkono mwenyewe kwa mbao za sanduku la matunda. Mfupa uliunga, lakini uliunga umepinda, na tangu siku hiyo nyumbani hakuitwa Alvester. Aliitwa Birika.

Idella alimgeukia Theotis. Watu wote ndani ya bwalo walikuwa wakitazama ukutani isipokuwa yeye. Alikuwa ameinamia sahani yake tupu.

Kisha akamgeukia mama yake. Mama Ozella alikuwa amejisogeza hadi ncha ya kiti. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kisichosikika, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kiwiko chake mwenyewe cha kushoto, ukikipapasa, ukikipapasa.

Idella akauchomoa mkono wake. Hakujua alivyosimama, alisikia tu kiti kikianguka nyuma yake na watu wakiuliza kuna nini. Aliusukuma mlango wa pembeni kwa nguvu, upepo ukaingia, na kitambaa cha dirisha la karibu kikang'oka na msumari wake. Jua likaruka ndani na kumfuta kaka yake ukutani.

Sauti ya mama yake ilimfuata hadi nje. Hakuwa akilia. Alikuwa akisema, "Hapana. Mrudisheni. Mrudisheni."

*

Alisimama nyuma ya jiko, palipoanikwa masufuria. Hakutaka kuketi, kwa sababu alihisi akiketi hatainuka tena. Alisikia hatua za Theotis kwenye kokoto, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, hatua zile hazikumfanya arekebishe nywele.

"Idella."

"Yule ni nani?"

Theotis akazitazama kokoto.

"Nimekuuliza. Yule aliyevaa jezi yako ni nani?"

"Unamjua."

"Nataka uniambie wewe."

"Ni Birika," Theotis alisema.

Alieleza bila kumwangalia. Siku ile kifundo chake cha mguu kilitenguka muda mfupi kabla ya mapumziko. Alvester alipoingia mahali pake, jezi yake nayo ilichanwa kutoka shingoni hadi kiunoni. Zion Ridge haikuwa na jezi za akiba. Hata zile walizovaa zilikuwa mitumba ya chuo kingine. Basi Theotis akavua yake, akampa. Hakuna aliyelifikiria jambo lile hata kidogo. Walipeana soksi, walipeana viatu, mtu alivaa kilichokuwa kikavu. Birika akarudi uwanjani kipindi cha pili na kushinda mechi peke yake, wakarudi wakiimba njia nzima. Baada ya hapo wenzao walimaliza masomo, wakatawanyika, wengine Detroit, wengine jeshini. Birika akafa. Simu ilipolia hakuna aliyeikumbuka ile jezi, hata kocha wa wakati ule, na Theotis aliamini kwa moyo wote kwamba inamwita yeye.

"Ulijua lini?"

"Kiangazi kile cha kwanza. Walituweka sisi wachezaji wapya ndani ya chumba, wakazima taa. Kocha wa kule akasema, tazameni, hivi ndivyo mtu anavyokimbia. Nikamwona. Nilitaka kusimama nimwite, Idella. Nilisahau kabisa kwamba amekufa. Kisha kocha akanishika bega, akaniambia nataka ukimbie hivi hivi kwangu." Akalishika bega lake. "Nikamwambia sawa. Neno moja tu. Kesho yake likawa gumu kulirudisha, na keshokutwa likawa gumu zaidi."

"Ukanyamaza."

"Ningesema wangenirudisha. Na ningerudi, yeye angefufuka? Misimu miwili nimekimbia kwa miguu yangu. Nimevunjwa mbavu, nimeng'olewa meno. Hakuna aliyenipa kitu kule kwa kunifananisha na mtu."

"Sina ugomvi na kazi yako," Idella alisema. "Mlango ulifunguliwa, ukaingia, ukakaa kwa jasho lako. Hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Hata Birika angelisema, tena angekucheka."

Theotis akainua uso. "Basi nimekukosea nini? Niambie."

Idella alielekeza kidole bwaloni, alikokuwa mama yake.

"Mama ana picha moja. Unaijua. Umekaa chini yake wiki nzima ukinywa kahawa. Mama anasema anaanza kumsahau, Theotis. Sura anayo, ila mwendo unampotea. Mwaka jana aliniomba nitembee kama yeye. Mama yangu mzazi aliniomba nitembee sebuleni kama kaka yangu. Nikakunja mkono hivi." Akaukunja. "Nikaenda hadi dirishani na kurudi. Akaniambia sivyo, mwanangu, sivyo, acha. Akaingia chumbani kwake."

Mkono wake ulikuwa bado umekunjwa. Theotis aliutazama kana kwamba hakuwahi kuuona mkono.

"Na wewe ulijua kwamba kuna mahali bado anakimbia," Idella alisema.

Theotis aliketi juu ya ngazi za jiko. Aliketi kama mtu aliyesukumwa. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye masufuria.

"Sikuwaza hilo," alisema. "Naapa kwa Mungu, Idella. Nilijifikiria mimi, nikaifikiria klabu. Mama hakunijia kichwani hata siku moja."

"Najua. Ndiyo maana naumia."

Alitaka kumgusa bega, mazoea yalimvuta, lakini mkono haukufika. Akapita pembeni yake, akarudi ndani.

*

Bwalo lilikuwa na mwanga hafifu na minong'ono. Mashine ya sinema ilikuwa imezimwa. Mama Ozella alikuwa amesimama mbele ya watu wote, kiganja chake juu ya ukuta mtupu, pale pale picha ilipokuwa. Wanawake wawili wa kwaya walikuwa wamemshika huku na huku, naye alikuwa akiiondoa mikono yao taratibu, bila hasira, kama mtu anayejitoa miiba kwenye gauni.

"Mrudishe," alimwambia Kocha Lattimore.

"Nimrudishe nani, Mama Gaines?"

"Mwanangu."

Kocha akawatazama watu, akitafuta wa kumsaidia. Shemasi Bynum alisogea na karatasi yake, akasema kwa sauti ya upole anayoitumia mtu akiongea na mgonjwa, "Dada Ozella, yule ni Theotis. Tazama, imeandikwa hapa."

"Najua kusoma, Hosea."

Mmoja wa wale wanawake akamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono ukafika hadi kwa Idella mlangoni: majonzi yamempanda kichwani, maskini, afadhali apelekwe nyumbani. Idella alifungua mdomo kuwajibu. Lakini mtu akampita kutoka nyuma, suti ya kijivu, harufu ile ya sabuni aliyoijua.

Theotis alitembea katikati ya meza bila kumwangalia mtu. Alimfikia Shemasi Bynum na kumnyooshea mkono, naye mzee, bila kuelewa, akampa kipaza sauti.

"Mama Gaines anaona vizuri kuliko sisi wote," Theotis alisema. Kipaza sauti kikakoroma, akakishusha kidogo. "Karatasi imekosea, Shemasi. Yule siyo mimi. Nilikuwa nimeumia. Jezi ni yangu, lakini aliyekimbia ni Alvester. Na aliyechaguliwa na klabu kwa mkanda huu ni Alvester. Mimi nimelijua hilo, nikakaa kimya."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani, kisha kicheko chake kikabaki peke yake na kufa. Mzee wa meza ya nyuma alivua miwani.

Kocha Lattimore alimkaribia, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na kila mtu alisikia. "Kijana, mwandishi wa gazeti amekaa pale. Unajua unachokisema?"

"Najua. Aandike."

Theotis akamgeukia Mama Ozella. Idella aliona mabega yake mapana, yale yaliyokuwa kwenye kioo cha kinyozi, yakishuka kama ya mtoto aliyelowa.

"Mama, nilijua kwamba yumo humu ndani. Nilipaswa kukwambia, sikukwambia. Sina la kujitetea."

Mama Ozella alimtazama. Uso wake haukuonyesha hasira wala huruma. Ulionyesha haraka, kama mtu aliyesimamishwa njiani na maneno wakati anasubiriwa mahali.

"Wanasema nina wazimu," alimwambia. "Waonyeshe."

Kocha akairudisha mashine mwanzo. Lakini lile dirisha la mlangoni bado lilikuwa wazi, jua likimwagika ukutani, na msumari haukuonekana ulikorukia. Idella aliinama, akakiokota kitambaa, akasimama juu ya kiti na kukishikilia dirishani kwa mikono yake miwili, juu ya kichwa. Giza likarudi. Mvua ya Arkansas ikaanza kunyesha.

Theotis hakuketi. Alisimama kando ya ukuta, mwanga ukimpiga upande mmoja wa uso.

"Mpira kwa Alvester Gaines," alisema.

Hakuna aliyegonga meza. Ukutani, yule kijana alikata kushoto, akashikwa, akaponyoka. Theotis alitangaza kila mahali Alvester alipokanyaga. Hakuwa na madoido ya Shemasi. Alisema tu jina na alichofanya mwenye jina. Alvester anapita. Alvester anaanguka. Na yule kijana alipoipapasa ardhi kwa kiganja kabla ya kuinuka, bwalo zima likavuta pumzi, maana hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kuuona mkono ule ukimpapasa nyumbu wa babu yake barabarani.

"Mpira kwa Birika," Theotis alisema.

"Mkono wangu huo," Mama Ozella alisema kwa sauti ya chini. "Niliufunga mimi."

Idella alitazama juu ya bega lake, mikono ikimwaka moto. Sasa walifika sehemu ambayo hakuiona mara ya kwanza. Kaka yake aliupata mpira mbali, akawapita watu wote kando ya uwanja, akavuka mstari wa mwisho na hakusimama. Akiwa bado anakimbia aliivua helmeti. Uso ulikuwa tope tupu, meno tu ndiyo meupe, na alikuwa akicheka kwa kinywa chote, akicheka kama walivyomzoea, bila kola ya kuazima.

Mama Ozella alitoa sauti ndogo sana, kama mtu aliyeguswa na maji baridi.

Alvester alikimbia hadi kwenye benchi la wachezaji. Mtu mmoja alikuwa ameketi pale, amejifunika blanketi, mguu wake juu ya ndoo. Alvester akasimama mbele yake, akaivuta jezi kifuani kwa vidole viwili, akaitikisa na kusema kitu.

"Anasema nini?" Mama Ozella aliuliza.

Idella alimwona akifuta uso kwa mkono wa suti yake nzuri.

"Anasema, 'Samahani, ndugu yangu. Nimekuchafulia nguo.'"

Kicheko kilianzia meza ya nyuma na kuja mbele kama wimbi, kikiwa kimechanganyika na kilio hata usingeweza kuvitenganisha. Hata Shemasi Bynum alikuwa ameikunjakunja karatasi yake na kujifutia macho. Mama Ozella pekee hakucheka. Alinyoosha kidole.

"Na huyo aliyejifunika blanketi?"

"Huyo ndiye mimi, Mama."

Mkanda ukaisha. Ncha yake ikawa inapigapiga mashine, na ukuta ukabaki mweupe. Hakuna aliyeinuka kwenda zake. Mama Ozella alivuta kiti hadi karibu na ukuta, karibu kuliko inavyofaa mtu kutazama, akaketi na kulaza pochi lake mapajani.

"Jibu lako nitakupa, Theotis," alisema bila kugeuka. "Sijasahau. Lakini si leo. Leo nina mgeni."

Kisha akamwambia kocha aanze upya.

Idella alikuwa hana nguvu tena mikononi. Kitambaa kilikuwa kimeteremka upande mmoja, na ukanda mwembamba wa jua ulikuwa ukikata ukuta pale ambapo kaka yake angetokea. Alijaribu kukiinua, hakuweza. Alisikia kipaza sauti kikiwekwa mezani, kisha hatua zikija, na kiti kingine kikiburutwa hadi dirishani. Theotis akapanda juu yake na kuishika ile pembe iliyoanguka.

Idella hakumtazama. Alisogeza mikono yake kidogo upande wake, akampa nafasi, na kwa pamoja wakakiinua kitambaa hadi jua lote likabaki nje.